Magego mawili yaliyolegea: uchambuzi wa kisa cha limfoma ya Burkitt

Mvulana wa miaka 6, kilo 18, kutoka kijiji cha kando ya Ziwa Viktoria mkoani Mara, anafikishwa hospitali ya rufaa shavu la kulia likiwa limevimba hadi jicho limeanza kusukumwa juu. Tumbo nalo limejaa. Ugonjwa una wiki tano, na daftari lake la kliniki linasomeka hivi: wiki ya kwanza gego la juu kulia linacheza, kapewa amoksilini. Wiki ya pili gego limeng'olewa. Wiki ya tatu shimo la gego halijafunga, gego la pili linacheza, fizi imevimba, ana homa, kipimo cha haraka cha malaria ni chanya, kapewa dawa mseto na metronidazo. Wiki ya nne shavu limevimba, limechanwa kwa kudhaniwa ni jipu, usaha haukutoka. Wiki ya tano kapewa rufaa.

Mtoto huyu ni wa mfano. Hakuna mgonjwa mmoja mwenye karatasi hizi, na majibu ya vipimo tumeyapanga sisi yafuate mwenendo wa kawaida wa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga inayokua kwa kasi. Dozi tulizozipigia hesabu ni za kuonyesha namna kazi inavyokwenda. Anayetibu atafuata mwongozo wa hospitali yake.

Nafasi ya kugundua ugonjwa ilipotea wiki ya tatu. Wiki ya kwanza mtu anaweza kusamehewa, maana jino bovu lipo kila kijiji. Lakini mtoto wa miaka 6 hung'oka meno ya mbele. Magego ya utotoni hayatoki mpaka awe na miaka 9 hadi 12. Magego mawili ya upande mmoja kulegea ndani ya majuma matatu, meno yenyewe yakiwa mazima bila tundu, maana yake kuna kitu ndani ya mfupa kinachokula kishikizo cha mzizi. Picha ya eksirei ya taya ingeonyesha mapema kwamba ule mstari mweupe mwembamba unaozunguka mzizi wa jino umefutika, na hiyo ni dalili inayotangulia uvimbe wa nje. Shimo la jino lisilofunga na jipu lisilotoa usaha yalikuwa maonyo mengine mawili, yote yameandikwa, na hakuna aliyeyasoma kwa pamoja.

Kipimo cha malaria kuwa chanya kilizidi kuwapoteza. Katika eneo lenye malaria ya mwaka mzima, mtoto mwenye ugonjwa wowote anaweza kukutwa na vimelea, kwa hiyo jibu chanya linaweza kueleza homa tu. Meno linayaacha bila maelezo.

Kilichovunjika ndani ya seli

Seli ya mwili ikitaka kugawanyika hupita hatua nne. Kwanza hukua na kukusanya malighafi (G1), kisha hunakili DNA yake yote, herufi zipatazo bilioni 6 zilizomo kwenye kromosomu 46 (S), halafu hukagua nakala na kurekebisha makosa (G2), mwisho huvuta nakala pande mbili na kukatika kuwa seli mbili (M, yaani mitosisi). Kati ya hatua na hatua kuna vizuizi. Protini ya RB huzuia seli kuingia S bila amri. Protini ya p53 husimamisha kazi DNA ikiwa imeharibika, na uharibifu ukizidi huiamuru seli ijiue. Seli nyingi za mtu mzima wala hazimo kwenye mzunguko huu. Zimetulia nje yake na kufanya kazi zao.

Seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zina desturi tofauti. Zikikutana na kimelea huingia kwenye vituo vya kuzalishia vilivyo ndani ya tezi za limfu na bandama, na humo hugawanyika kwa kasi ambayo seli chache za mwili zinaifikia, mgawanyiko mmoja ukichukua saa chache tu. Na katikati ya kasi hiyo hufanya jambo ambalo seli nyingine ikilifanya ni hatari tupu: hukata na kubadilisha DNA yao wenyewe makusudi. Kimeng'enya kiitwacho AID huvuruga herufi za jeni za kingamwili ili zipatikane kingamwili zinazoshika kimelea vizuri zaidi. Seli iliyotengeneza kingamwili bora hubaki, na nyingine hufa kwa wingi. Ndivyo kinga inavyonolewa.

Mara chache AID hukata mahali pasipo pake. Katika limfoma ya Burkitt mkato unaangukia kwenye kromosomu ya 8, karibu na jeni ya MYC, na mwingine kwenye kromosomu ya 14, penye jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili. Mafundi wa kurekebisha DNA wanaunga ncha zilizovunjika, ila wanaunganisha isivyo: kipande chenye MYC kinahamia kromosomu ya 14. Wagonjwa wapatao 8 kati ya 10 wana uhamisho huu. Waliobaki wana MYC iliyoungana na jeni za mnyororo mwepesi, ama kwenye kromosomu ya 2 au ya 22. Kromosomu ya 14 isiyo ya kawaida ilionekana kwenye seli za Burkitt mwaka 1972, uhamisho kati ya 8 na 14 ukaelezwa 1976, na mwaka 1982 ikabainika kuwa jeni iliyokaa kwenye kiungio ni MYC.

Kazi ya MYC ni kuwasha mamia ya jeni nyingine zinazohitajika seli ikue na kuingia S: za kutengeneza ribosomu, za kuvuta glukosi, za kutengeneza herufi mpya za DNA. Katika seli nzima huwashwa kwa muda mfupi na kuzimwa. Ikihamia jirani na jeni ya kingamwili inakuwa chini ya amri ya vichocheo ambavyo katika seli B havizimwi kamwe. Protini ya MYC yenyewe inaweza kuwa na kasoro au isiwe nayo. Kilichoharibika hasa ni mahali ilipowekwa, na matokeo yake seli haitulii tena.

Wengi wakieleza saratani hapa huishia, kana kwamba jeni moja ikishikwa basi kazi imekwisha. Haijaisha. Seli yenye MYC nyingi kupita kiasi hujiua. Mwili umeweka mtego huo makusudi: mchocheo uliozidi huamsha p53, na p53 huangamiza seli. Seli nyingi zinazopata uhamisho huu bila shaka hufia hapo hapo, na mtoto hajui kitu. Ili saratani isimame inahitajika ajali ya pili, na pengine ya tatu, itakayoharibu mtego: p53 ikibadilika, au kiungo kingine cha njia hiyo kikikatika, au kitu kutoka nje kikiizuia seli isife.

Kitu hicho cha nje, kwa mtoto wetu, ni kirusi.

Kirusi cha Epstein-Barr hupatikana kwenye seli za uvimbe wa karibu watoto wote wenye Burkitt ya ukanda huu, zaidi ya 95 kwa 100. Kirusi chenyewe hakina ajabu, maana karibu kila mtu mzima duniani anacho. Watoto wa Afrika Mashariki hukipata kwa mate wakiwa wadogo sana, wengi kabla ya miaka 3, bila kuugua. Hujificha ndani ya seli B kwa maisha yote, na baadhi ya bidhaa zake huisaidia seli iliyokibeba isife. Seli B yenye kirusi hiki ikipata uhamisho wa MYC ina nafasi kubwa zaidi ya kuokoka na mtego.

Malaria inaongeza nini? Mambo mawili. Maambukizi yanayojirudia ya Plasmodium falciparum huweka vituo vya kuzalishia seli B katika kazi isiyokwisha, AID ikiwa imewashwa muda wote, kwa hiyo mikato ya DNA inaongezeka. Jaribio la panya lililochapishwa mwaka 2015 lilionyesha hilo wazi: malaria ya muda mrefu pamoja na upungufu wa p53 ilizaa limfoma za seli B, na AID ilihitajika ili zitokee. Pili, malaria hudhoofisha zile seli T, seli nyingine za kinga, zinazokizuia kirusi cha Epstein-Barr, na idadi ya seli B zenye kirusi inapanda. Ndiyo sababu Kisumu, kando ya ziwa, ina Burkitt nyingi, ilhali Nandi, milimani na karibu tu, ina chache, na kirusi kipo kote kuwili.

Ramani iliyochorwa kabla ya kirusi

Uhusiano na malaria ulionekana kwenye ramani kabla haujaonekana kwenye hadubini. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliitwa mwaka 1957 kumwona mtoto mwenye uvimbe kwenye pande zote nne za mataya. Majuma machache baadaye akiwa Jinja akamwona mwingine wa namna ileile, na akakuta pia uvimbe tumboni. Alichapisha mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari ya gari ya wiki 10 na maili 10,000 hivi kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja hadi nyingine na picha mkononi, wakiuliza: mmewahi kumwona mtoto wa hivi? Uvimbe ulionekana kwenye nchi za chini zenye joto na mvua, ukatoweka penye miinuko inayozidi mita 1,500 au penye baridi. Ni mipaka ya mbu.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu havikutoa kitu. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege iliyobeba kipande kimoja kutua Manchester, na kilipofika maabara kikiwa kimechelewa, maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kumwagwa kama sampuli iliyooza yaliangaliwa kwa hadubini, zikaonekana seli hai zinazoelea. Kutoka hapo seli za Burkitt zikaoteshwa maabara, na mwaka 1964 Epstein na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi.

Mkoa wa mtoto wetu una sehemu yake katika habari hii. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa chlorokwini kwa ajili ya kuzuia malaria, ili ionekane kama Burkitt itapungua. Ilipungua, ila kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya dawa, na malaria yenyewe ikarudi juu kabla mradi haujaisha. Ushahidi wa malaria umejengwa zaidi na ramani na maabara kuliko na jaribio hilo. Watu hutaja pia mti wa manyara, ule wa uzio wenye utomvu mweupe. Utomvu wake huamsha kirusi cha Epstein-Barr katika seli za maabara, lakini kutoka hapo hadi kusema uzio wa nyumba umempa mtoto saratani ni mbali. Pamoja na hayo, utomvu huo ni mkali na hakuna sababu ya kuupaka jino linalouma.

Kupata jibu ndani ya siku mbili

Limfoma ya Burkitt hujizidisha mara mbili kwa saa 24 hadi 48. Seli moja ikigawanyika mara 30 bila hasara inafika seli zaidi ya bilioni 1, uzito wa gramu 1 hivi. Ikiendelea mara 10 tu nyingine, gramu hiyo ni kilo. Mwilini haiendi kwa mstari huo kwa sababu nyingi zinakufa njiani na damu haitoshi, ila hesabu inatosha kueleza kwa nini meno yalianza kulegea wiki ya kwanza na ya tano tumbo limejaa, na kwa nini jibu la maabara linalochukua mwezi ni sawa na kutokuwa na jibu.

Njia ya haraka ni sindano nyembamba, geji 22 au 23, kuvuta seli kutoka kwenye uvimbe wa taya au wa tumbo ukiongozwa na ultrasaundi. Tandaza slaidi angalau 4: mbili ziachwe zikauke hewani kwa rangi ya Giemsa, mbili zitumbukizwe kwenye alkoholi papo hapo. Seli za Burkitt kwenye Giemsa zinalingana ukubwa, kiini cha duara chenye vijikiini kadhaa, na maji ya seli ya bluu iliyokolea yenye vitundu vidogo vya mafuta. Kosa la kawaida ni damu nyingi kwenye slaidi kwa kuvuta kwa nguvu kupita kiasi. Jingine ni kuacha slaidi za alkoholi zikauke kwanza.

Kinyama nacho kikatwe inapowezekana, kwa sababu sindano peke yake haitenganishi vizuri Burkitt na limfoma nyingine za kasi. Kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyowekewa bafa, ujazo mara 10 ya kinyama, saa 24 hadi 48. Fomalini ya zamani iliyogeuka asidi, au kinyama kilichokaa humo wiki nzima kikisubiri gari, huharibu protini zinazotafutwa, na vipimo vya rangi za kingamwili vinakuja hasi kwa uongo. Majibu yanayotarajiwa kwa protini hizo ni CD20 chanya, CD10 chanya, BCL6 chanya, BCL2 hasi au hafifu sana, TdT hasi, na Ki-67, alama ya seli zilizomo kwenye mzunguko wa kugawanyika, inakaribia asilimia 100. Ki-67 ya 60 iwafanye wahusika wafikirie ugonjwa mwingine.

Chini ya hadubini kinyama kinafanana na anga la usiku lenye nyota. Anga jeusi ni seli za saratani zilizobanana, na nyota ni makrofaji weupe wanaokula seli zilizokufa. Sura hiyo inatokana na biolojia ileile ya MYC: seli zinazaliana kwa kasi na zinakufa kwa wingi kwa wakati mmoja.

Kuna hofu kwamba chuma kikigusa saratani inasambaa. Kwa Burkitt hofu hiyo inaua kuliko sindano, kwa sababu ugonjwa huu husambaa wenyewe kabla ya kuguswa, na bila jibu hakuna dawa. Jambo la kukatazwa kweli kabla ya kinyama ni prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi. Seli za limfoma huyeyuka kwa steroidi, uvimbe unanywea siku mbili tatu, jibu linapotea, na figo zinaweza kufungwa na mabaki ya seli huku hakuna hata anayezitazama.

Vipimo vya mtoto: himoglobini 8.9, chembe sahani 210,000, HIV hasi, LDH (kimeng'enya kinachomwagika seli zinapokufa) 2,900, asidi ya yuriki maikromoli 780 kwa lita, kreatinini, taka inayotolewa na figo, 95 (kwa umri wake isingezidi 50), potasiamu 4.9. Ultrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye figo zote mbili na mwingine kati ya matumbo. Uboho ni safi, maji ya uti wa mgongo ni safi. Uvimbe mkubwa wa tumboni unamweka hatua ya III. Uboho au ubongo ungeingiwa ingekuwa IV.

Kreatinini na asidi ya yuriki ndizo zinazoamua kazi ya saa 24 zinazofuata. Hajapewa dawa yoyote ya saratani, na tayari seli zinazokufa zenyewe zimeanza kuziba figo.

Saa 72 za hatari

Mtoto wa Burkitt anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri. Seli ikipasuka humwaga potasiamu, fosfeti na asidi za kiini. Ini hugeuza asidi za kiini kuwa asidi ya yuriki. Asidi ya yuriki huganda kwenye mirija ya figo, fosfeti hushikana na kalsiamu na kuganda pia, kalsiamu ya damu inashuka, potasiamu inapanda, na moyo unasimama. Kipindi kibaya ni saa 12 hadi 72 baada ya dozi ya kwanza.

Kwa urefu wa sentimita 112 na kilo 18 eneo la mwili wa mtoto ni mita za mraba 0.75. Dripu ni lita 3 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 2.25, mililita 94 kwa saa, bila potasiamu ndani. Ringa, ambayo ndiyo inayopatikana kila wodi, ina potasiamu kidogo. Hapa itumike ya chumvi na glukosi. Mkojo upimwe kila saa na usipungue mililita 75 kwa saa. Ukipungua wakati dripu inaenda, mtoto akaguliwe mapafu na apewe furosemaidi. Dripu isizimwe kwanza. Allopurinoli ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kwake miligramu 60 mara tatu, ianze angalau saa 12 hadi 24 kabla ya dawa ya saratani. Figo zikiwa zimeshaharibika, kama za huyu, dozi hupunguzwa.

Allopurinoli huzuia asidi ya yuriki mpya isitengenezwe. Iliyokwisha kutengenezwa inaiacha palepale. Dawa nyingine, rasburicase, huivunja, lakini ni ghali, na ina mtego unaohusu ukanda huu hasa: mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, akipewa, chembe nyekundu zake hupasuka. Upungufu huo umeenea pale pale malaria ilipoenea, na wavulana ndio wanaoathirika zaidi. G6PD ipimwe kwanza. Bikaboneti ya kufanya mkojo uwe alkali, iliyofundishwa miaka mingi, imeachwa kwa sababu inaharakisha kuganda kwa kalsiamu na fosfeti.

Baada ya saa 24 za dripu asidi ya yuriki inashuka hadi 520, kreatinini hadi 70, mkojo ni mililita 90 kwa saa. Dozi ya kwanza ya dawa ya saratani inatolewa. Saa 18 baadaye potasiamu ni 6.4 na mawimbi ya moyo yamechongoka. Anapewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 9 taratibu kwa dakika 10 chini ya monita, salbutamoli ya kuvuta miligramu 2.5, kisha insulini pamoja na glukosi. Hiyo kalsiamu ni ya kulinda moyo. Kalsiamu iliyoshuka kwenye karatasi bila dalili haitibiwi, maana kila mililita inayoongezwa inakwenda kuganda na fosfeti ndani ya figo. Siku ya tatu potasiamu ni 4.6. Shavu limepungua kiasi cha mama mwenyewe kuona.

Damu ipimwe kila saa 6 hadi 8 siku mbili za mwanzo. Sampuli iliyotolewa kwa tabu, au iliyokaa saa tatu dirishani, hutoa potasiamu ya juu isiyo ya kweli. Hilo lisiwe sababu ya kuipuuza. Toa nyingine huku monita ikiwa imefungwa.

Dawa zinapopiga mzunguko

Saratani inayogawanyika polepole ina seli nyingi zilizotulia, na dawa zinazopiga mgawanyiko haziziathiri. Burkitt haina pa kujificha: karibu kila seli imo kwenye mzunguko. Siklofosfamaidi huunganisha nyuzi mbili za DNA zisiachane, na seli ikijaribu kunakili inakwama na kufa. Methotreksati huinyima hatua ya S folati ya kutengenezea herufi. Vinkristini huvunja nyuzi zinazovuta kromosomu kwenye mitosisi, na seli inasimama M. Mchanganyiko wa hizo tatu ulijaribiwa Kampala katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1967 pale Mulago, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wakati huo sehemu kubwa ya dunia haikuamini kwamba uvimbe mkubwa unaweza kuponywa na dawa pekee.

Kwa mtoto huyu siklofosfamaidi ya mwanzo ni miligramu 40 kwa kilo, jumla 720. Utaratibu mmoja uliotumika sana Malawi kwa hospitali zenye uwezo mdogo huendelea na miligramu 60 kwa kilo siku ya 8, 18 na 28, pamoja na methotreksati kwenye maji ya uti wa mgongo kila mara, kwa sababu dawa ya mshipani haifiki vizuri kwenye ubongo. Siklofosfamaidi peke yake huponya karibu nusu ya watoto. Nchi tajiri, kwa mchanganyiko mkali wa dawa, damu ya kutosha na vitanda vya uangalizi maalumu, huponya zaidi ya 9 kati ya 10. Kuichukua ile miongozo mikali bila uwezo wa kuhudumia mtoto aliyeishiwa chembe nyeupe hakuleti namba hizo. Huhamisha vifo kutoka kwenye ugonjwa kwenda kwenye tiba.

Onyo moja liandikwe ukutani. Vinkristini, miligramu 1.5 kwa mita ya mraba, ni ya mshipa tu. Ikiingia kwenye uti wa mgongo inaua karibu kila mara. Makosa hutokea siku ambayo mtoto anapata vinkristini ya mshipani na methotreksati ya uti wa mgongo, sirinji mbili zikiwa kwenye trei moja. Vinkristini ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa mililita 50 badala ya sirinji, na zisitolewe chumba kimoja wakati mmoja.

Chembe nyeupe hushuka zaidi kati ya siku ya 8 na ya 14. Joto la 38.5 mara moja, au 38 lililodumu saa nzima, ni dharura: antibiotiki mshipani ndani ya dakika 60, damu ya kuotesha itolewe kwanza kama haicheleweshi. Kipimo cha malaria kifanywe, na kikiwa chanya malaria itibiwe pamoja na antibiotiki. Kuacha antibiotiki kwa sababu malaria imepatikana ni kurudia kosa la wiki ya tatu katika wodi.

Jambo linalovunja tiba zaidi ya dawa kuisha ni nauli. Uvimbe umeisha, mtoto anakula, shamba linangoja, na tarehe ya kurudi inasogezwa. Tuseme dozi imeua seli 999 kati ya kila 1,000. Siku 10 za kuchelewa, kwa kujizidisha mara moja kila saa 24, ni mara 10, na 2 ikizidishwa yenyewe mara 10 ni 1,024. Ugonjwa umerudi ulipokuwa, na seli zilizobaki ni zile zilizoihimili dawa. Mama aelezwe hesabu hii siku ya kwanza kabla shavu halijapungua. Nauli ya kurudi ipangwe kabla ya ruhusa, na namba ya simu ya jirani iandikwe kwenye faili.

Ugonjwa ukirudi hurudi mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto aonwe kila mwezi kwa mwaka huo: taya, tumbo, korodani, nguvu za miguu, macho. Akianza kuona vitu viwili viwili au uso ukilegea upande mmoja, maji ya uti wa mgongo yatolewe siku hiyohiyo hata kama taya ni safi. Ugonjwa uliorudi baada ya miezi mitatu bila dalili bado huweza kujibu siklofosfamaidi ileile, na baadhi ya watoto hao hupona. Uliorudi kabla ya hapo, tiba ikiwa inaendelea, huwa umeshajifunza kuihimili dawa, na huhitaji dawa nyingine kabisa.